"Mbovu" ina silabi ngapi?

Swali: Mwanangu wa gredi ya 6 hapa Likoni amefunzwa kukatakata maneno marefu ya Kiingereza ili yamwie mepesi kusoma. Sasa anakata na ya Kiswahili. Tumebishania "mbovu": yeye asema m-bo-vu, mimi mbo-vu. Nani amepatia?

Jibu: Nyote wawili, mama. Inategemea ni kitu gani kilichooza. Simama Marikiti utamke "ndizi mbovu", kisha "muhogo mbovu", polepole. Kwenye ndizi, m imeshikana na b, zinatoka kwa pigo moja: mbo-vu. Kwenye muhogo, midomo inafumba, m inavuma peke yake kwanza: m-bo-vu. Hii ya pili asili yake ni mu-, ambayo sisi wa Pwani bado twaitamka katika "muhogo" wenyewe. Irabu ilipodondoka, m ilibaki na pigo lake. Ile ya ndizi ni n- ya ngeli ya I-ZI, iliyogeuka m kwa sababu ya b. Haikuwa na irabu ya kuiachia pigo. Malenga wanaohesabu mizani (yaani silabi) 16 katika mshororo hawawezi kuzichanganya hizi mbili.

Kwa maana, lakini, mkato ni mmoja kote: m- kisha -bovu. Hapo ndipo watoto wengi wanapotatizika, kwa kuwa sauti ina mkato wake na maana ina wake. Hata kwa Kiingereza, "unhappiness" ina silabi 4 na vipande 3 tu vya maana.

Mpe "wanasomeshana". Kwa silabi ni wa-na-so-me-sha-na, 6. Kwa maana ni wa-na-som-esh-an-a, 6 pia, ila kuanzia mzizi kisu kinapita mahali pengine kabisa. Nalipenda sana neno hili kwa kufundishia: idadi moja, mikato miwili, na mtoto anaona mwenyewe kwamba silabi zetu nyingi huishia kwa irabu ilhali mzizi wa kitenzi mara nyingi huishia kwa konsonanti.

Kuna jambo moja litakalowarudisha kwenye ubishi. M ya "mbwa" asili yake ni n- kama ile ya ndizi mbovu, ila mkazo wa Kiswahili hutaka silabi ya pili kutoka mwisho, na neno ni fupi mno, basi m hulazimika kuubeba. Akikata m-bwa, m-bu, n-chi, mwachie, amesikia vyema.