Pima hewa ya maabara kabla hujaiamini kompyuta

Aprili ile masika yalikuwa yameshika Dar es Salaam, na mimi nilikuwa na miezi mitatu naiga kwenye kompyuta namna nyuzi za nano, nyembamba mno kuliko unywele, zinavyofumwa kwa umeme: umeme mkali huvuta myeyusho wa polima (dutu ya molekuli ndefu kama minyororo) kutoka ncha ya sindano hadi sahani, nao hukauka njiani ukawa uzi. Kwenye skrini uzi wangu ulitoka laini, unene uleule mwanzo hadi mwisho. Sampuli ya maabara ilipoingia kwenye hadubini ya elektroni, tukaona shanga: vinundu vimetungwa kwenye uzi, kimoja baada ya kingine. Polima ileile, kilovolti 18 zilezile, sentimita 15 zilezile kutoka sindano hadi sahani ya kupokelea.

Nikanunua kipima unyevu Kariakoo, nikakiweka kando ya sindano. Kilisoma asilimia 83. Programu yangu ilikuwa inakausha uzi kana kwamba tuko Dodoma wakati wa kiangazi.

Polima yetu ilikuwa imeyeyushwa kwa maji, na maji hayakauki upesi kwenye hewa iliyokwisha kushiba maji. Uzi unakaa majimaji muda mrefu, umeme unazidi kuuvuta, unakuwa mwembamba kuliko ulivyotarajia. Unyevu ukizidi zaidi, mvutano wa uso, ile nguvu inayofanya tone la maji liwe duara, unapata nafasi ya kuukusanya kuwa matone kabla haujakakamaa. Ndizo shanga zenyewe. Kwa hiyo ukianza kazi hii hapa mjini, kasi ya kukauka usiinakili kwenye makala ya watu wa nchi zenye hewa kavu. Ikokotoe kwa unyevu na joto la chumba chako, siku ileile ya jaribio. Mnato, yaani uzito wa myeyusho katika kutiririka, pia upime mwenyewe, kwani polima ya jina moja ikitoka chupa nyingine hubadilika.

Kosa jingine lilinila wiki nzima. Nilitumia njia ambayo watafiti Reneker, Yarin na wenzao waliichapisha mwaka 2000: uzi unachukuliwa kama mnyororo wa punje zenye chaji, zimeunganishwa kwa springi zenye mnato. Nikaendesha programu, uzi ukashuka wima kama timazi na kufika sahani ukiwa mnene mno. Sikuona kosa kwenye milinganyo, na kweli halikuwepo. Ndani ya kompyuta kila kitu kilikuwa sawa kabisa kulia na kushoto, hivyo uzi haukuwa na sababu ya kupinda. Kwenye maabara uzi hunyooka sentimita chache tu, kisha punje zinasukumana kwa chaji na uzi unaanza kuzunguka kama mjeledi. Kuzunguka huko ndiko kunakouvuta hadi unene wa chini ya mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ipe punje ya juu msukumo mdogo wa pembeni, mdogo sana, uone maduara yanavyofunguka. Mimi niliyaona saa nne usiku nikiwa Sinza, nikamwamsha mwenzangu wa chumba aje aangalie.

Anza na punje chache. Kila punje inasukumana na kila nyingine: punje 100 ni jozi 4,950, punje 1,000 ni jozi 499,500, na laptopu ya kawaida inahema. Hatua ya muda, yaani kipande cha muda ambacho programu inaruka kila inapokokotoa, nayo ipunguze nusu, uendeshe tena. Jibu likibadilika, hatua bado ni kubwa. Na hifadhi matokeo kila baada ya dakika kadhaa, umeme ukikatika usianze upya.

Sehemu ya tone kwenye ncha ya sindano sitaki kukuchosha nayo. Linachongoka na kuwa na umbo la koni, na Mwingereza Geoffrey Taylor alikokotoa mwaka 1964 kwamba pembe kutoka mhimili hadi ubavu ni digrii 49.3. Kama programu yako inaiga tone hilo, linganisha na namba hiyo kwanza, ingawa myeyusho wa polima huweza kutofautiana nayo.

Tuliporudia mwezi wa nane, kipima unyevu kilisoma asilimia 61. Niliingiza namba hiyo kwenye programu asubuhi, kabla ya jaribio. Mchana sampuli ilipotoka, shanga zilikuwa chache, na safari hii hata kwenye skrini zilikuwemo.