Ncha ya mzizi wa kitunguu: mbona hatuoni mitosisi?

Mwalimu wa Likoni, umesema mkitafuta mitosisi (seli kugawanyika) kwa hadubini, wanafunzi wanaona viini vya duara tu, tena seli zimelaliana. Hayo ni makosa mawili tofauti.

La kwanza, nadhani mnakata mzizi juu mno. Seli zinazogawanyika ziko milimita 2 za mwisho, nyuma kidogo ya kofia ya mzizi. Juu ya hapo seli zinarefuka tu. Chukueni vitunguu maji vya soko la Kongowea, mkwangue mizizi mikavu, kitako kiguse maji siku 2 au 3. Kwa joto la Mombasa badilisheni maji kila siku, la sivyo kitako kitaoza.

Kulaliana ni suala la asidi. Gundi inayoshika kuta za seli lazima ilegee: tieni ncha kwenye asidi hidrokloriki ya mola 1 (kipimo cha ukali wake), nyuzi 60 za Selsiasi, dakika 5, miwani machoni. Asidi ikipoa, haifanyi kazi ipasavyo. Osheni vizuri, kisha tieni rangi ya orseini, inayofanya kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) zionekane. Funikeni kwa kigae (kioo chembamba cha kufunikia), mkandamize kwa kidole gumba wima. Msizungushe! Kromosomu zitavurugika.

Hata hivyo, seli nyingi zitakuwa katika intafezi, kipindi cha kabla ya kugawanyika, zikikua na kunakili DNA. Mitosisi ni kipande kifupi cha mzunguko. Kwa ukuzaji wa mara 400, profezi, hatua ya kwanza ya mitosisi, mtaiona kwanza. Anafezi, hatua ya kromosomu kuvutwa pande mbili, inapita upesi, hivyo ni adimu. Mkiipata, kila upande unavuta kromosomu 16, ingawa kuzihesabu ni kazi.