Ford F-100 ya zamani: waya wa pinki kabla ya moduli

Mdogo wangu, ukipewa pikapu ya Ford F-100 ya miaka ya 1960 utoe pointi (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili) na kondensa uweke moduli ya elektroniki ya kufanya kazi hiyo, ndani ya distributa, inayogawa cheche kwa plagi, hakutakusumbua. Skrubu chache, pete ya sumaku chini ya rota, kofia unarudisha. Mafundi wengi wanakwama kwenye waya unaopeleka umeme kwenye koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche.

Waya huo, ambao mara nyingi ni wa pinki, umetengenezwa na ukinzani ndani yake ili pointi zisiungue haraka. Piga hesabu: koili ya omu 1.5, waya wa omu 1.5, betri ya volti 12. Zinapita ampea 4, na koili inapata volti 6 tu. Pointi ziliridhika. Moduli nyingi zinataka 12 kamili.

Hapa ndipo mita huwadanganya watu. Unachomoa waya kwenye koili, unawasha swichi, unapima, unaona 12, unasema waya unaleta 12 kamili. Lakini umeme usipotembea, ukinzani hauli kitu! Pima kabla hujatoa pointi, waya ukiwa kwenye koili na pointi zimefunga. Ndipo utaona 6 au 7.

Mimi napenda relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Pinki na ule wa kahawia, unaotoka kituo cha I (nukta ya kuungia waya) cha solenoidi ya stata na kuleta umeme stata ikizunguka, vilikuwa vinakutana kwenye koili. Viache pamoja, viamshe relei tu. Umeme wa koili na moduli utoke betri, kupitia fyuzi na relei. Ila ukishaondoa ukinzani, pima koili yenyewe: kwa moduli iitwayo Ignitor, ya kampuni ya PerTronix, V8 inataka isipungue omu 1.5, silinda 6 omu 3. Ikipungua, moduli itapata joto hadi ife.

Usiibe umeme kwenye laini ya redio, maana stata ikizunguka laini hiyo hukatika.

Gari likikugomea, lisikilize. Linawaka ukiwa umebana ufunguo, ukiachia linazima: pinki haileti. Linashika pale tu unapoachia: mtafute wa kahawia. Na ukiona linakosa-kosa bila mpangilio, fungua distributa uangalie kiwaya cha athi (kinachorudisha umeme kwenye bodi) cha bamba la ndani. Kidogo, kimesukwa, hukatika kimya kimya, na moduli bila athi safi haifanyi kazi.

Mwekundu chanya, mweusi hasi. Ukigeuza, umeshanunua moduli nyingine. Swichi usiiache imewashwa injini ikiwa imezima. Waya za plagi ziwe za kaboni, kwani za shaba tupu hutoa kelele za umeme zinazoichanganya moduli.

Mwisho piga taa ya taimingi upya, uone cheche inatoka wakati sahihi, hata kama distributa hukuizungusha. Moduli haikati umeme palepale pointi zilipokuwa zinafunguka.