"A number of": umoja au wingi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Shela, Lamu. Katika barua rasmi ya Kiingereza niliandika "a number of boats are damaged". Mwenzangu akafuta "are", akaweka "is". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Irudishe "are" yako. "A number of boats" ni mashua kadhaa, na kitenzi hufuata mashua. Ukiandika "the number of boats", hapo unataja idadi yenyewe, nayo ni moja, basi "is". Ila barua ya kuomba msaada mimi singeiandika hivyo kabisa. Kadhaa ni mbili au ishirini? Anayeisoma hajui! Shuka ufukweni, zihesabu, uandike "seven boats", na iliyovunjika mkuku uitaje.