Mwanga Unavuja Kwenye Kamera ya Mkanda: Soma Negativu Kabla Hujabandua Sponji

Hapa Moshi wenye kamera za mkanda si wengi, kwa hiyo mmoja akipata tatizo habari hutufikia wote. Tatizo lenyewe karibu kila mara ni lile lile: picha imetoka vizuri, lakini pembeni kuna mwali wa rangi ya chungwa ambao mpigaji hakuuona alipobonyeza. Jibu la haraka huwa "sponji zimeoza, badilisha," yaani zile sponji zinazoziba mwanga kuzunguka mlango wa nyuma wa kamera. Mara nyingi ni kweli. Ila nimeona watu wakikwangua kamera nzima, wakabandika sponji mpya, na mwali ukarudi pale pale kwa sababu mwanga ulikuwa unapita kwingine kabisa.

Kwa hiyo anza na negativu, yaani mkanda wenyewe uliokwisha kusafishwa, kamera iache mezani kwanza. Siku hizi ukipeleka mkanda kusafishwa unatumiwa picha kwa WhatsApp, na negativu zinabaki huko huko au zinatupwa. Zidai. Picha iliyoskaniwa huwa imekatwa kingo, na ushahidi wote uko kwenye kingo, pale penye vitobo vinavyoshikwa na meno ya kamera. Ukiweza, mwombe anayekusafishia asikate mkanda vipande vifupi.

Inua negativu dirishani. Mwanga uliovuja huonekana mweusi kwenye negativu na mweupe au mwekundu kwenye picha. Kama doa kwenye picha ni jeusi, achana na habari ya sponji. Hapo tatizo ni shata (mapazia ya ndani yanayofunguka unapobonyeza) au usafishaji. Sasa tazama ule weusi unaishia wapi. Ukiwa umevuka mpaka wa fremu na kumwagika hadi kwenye vitobo, mwanga umeingia kwa mlango wa nyuma. Ukiwa umekatika sawasawa na mpaka wa fremu, kingo zikabaki safi, basi umepita mbele: kwenye shata, kwenye kioo cha ndani kinachopeleka picha machoni, au pale lenzi inapojishika na mwili wa kamera. Hata rangi inasaidia. Kwenye mkanda wa rangi, mwanga wa nyuma hukutana kwanza na tabaka linalohisi wekundu, ndiyo maana doa linatoka jekundu au la chungwa. Uliotoka upande wa lenzi huelekea weupe.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, na hapa sitaki kupita haraka. Ndani ya kamera picha hukaa kichwa chini, kushoto kulia. Mwali ukiwa juu ya picha, chanzo chake kiko chini ya kamera. Ukiwa kushoto mwa picha, chanzo kiko kulia unapoitazama kamera kwa nyuma, na kwenye kamera nyingi za milimita 35 kulia ndiko kwenye bawaba ya mlango. Kijana mmoja wa Pasua aliniletea Canon AE-1, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1976, ikiwa na mwali kushoto mwa baadhi ya picha. "Kaka, nimeshaweka sponji juu na chini, bado," akasema. Bawaba hakuwa ameigusa. Nikamuuliza zile picha zenye mwali alizipigaje. Zote zilikuwa za mahali alipokaa sana juani kabla ya kusogeza mkanda; alizopiga harakaharaka zilikuwa safi. Hiyo ni alama ya kawaida ya mlango unaovuja: kadiri fremu inavyosubiri juani, ndivyo inavyoungua zaidi.

Kabla hujaanza kukwangua, jiulize pia kama kamera ina kosa lolote. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha studio mjini enzi za mikanda, ukimwonyesha negativu iliyoungua mwanzoni tu, hatazami hata kamera. Ukishamwamkia shikamoo anakujibu na kukuuliza papo hapo: "Mkanda uliuvalishia wapi, mwanangu? Juani?" Mdomo wa kasha la mkanda umezibwa kwa kitambaa chembamba tu, na jua la hapa, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, halina huruma. Valisha mkanda kivulini, na kama kivuli hakuna, geuza mgongo ujifanyie cha kwako. Halafu kuna mikanda inayotufikia kwenye mabegi ya wapanda mlima na ya ndugu waliotoka nje. Ikipita kwenye mashine za mizigo za uwanja wa ndege inaweza kuingia ukungu au mawimbi mapana mkanda mzima. Sponji haitibu hilo.

Ikithibitika ni mlango, fungua uguse sponji kwa kijiti. Kamera nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 ziliwekewa sponji ya poliurethani, ambayo huoza yenyewe kwa joto na unyevu hata kama kamera haijatumika. Ikishaoza inanata na kuyeyuka kama lami iliyopigwa na jua. Kamera za Kisovieti kama Zenit na FED hutegemea zaidi mifereji yenye kina ambamo kingo za mlango huzama, hivyo huko usishangae kukuta sponji haba.

Kata kipande cha karatasi, funika shata yote, ndipo uanze. Chembe moja ya ile lami ikiingia kwenye mapazia ya shata utakuwa umenunua tatizo kubwa kuliko ulilokuwa nalo. Lowesha sponji kwa spiriti ya duka la dawa, kidogo tu, isubiri ilainike, kisha ikokote kwa kijiti cha mshikaki ulichokichonga bapa. Kisu au bisibisi vitakwangua rangi nyeusi ya mfereji, na chuma kinachong'aa hurudisha mwanga ndani. Malizia kwa pamba. Kazi hii inachosha na inachafua vidole, lakini sponji mpya haishiki juu ya mabaki.

Vifaa vya kuziba haviuzwi kwenye duka la kamera, kwa sababu duka lenyewe hatuna. Kwenye mifereji ya juu na chini natumia uzi wa sufu mweusi, ule wa kufumia, unaopatikana soko la Mbuyuni. Nimekuja kuupenda kuliko sponji: hauyeyuki kama lami, na ukikosea unauchomoa. Kwenye bawaba uzi hautoshi. Hapo weka mahameli nyeusi au sponji laini ya unene wa milimita mbili hivi, ibandikwe kwa solotepu ya pande mbili. Mafundi cherehani wana vipande vya mahameli wanavyotupa, ukiomba kwa adabu unapewa. Ukizidisha unene mlango hautafunga, au utafunga kwa kulazimishwa na siku moja utafunguka wenyewe ukiwa katikati ya mkanda. Gundi zile za kukauka papo hapo usizilete karibu: mvuke wake huacha utando mweupe kwenye vioo, na sponji inageuka ngumu.

Na kama negativu ilionyesha mwanga umepita mbele? Toa lenzi, ingia chumba chenye giza, fungua mlango wa nyuma, kama kamera ina kioo ndani kinyanyue taratibu kisizibe, kisha mulika shata kwa mbele kwa tochi ya simu huku ukichungulia kwa nyuma. Fanya hivyo shata ikiwa imevutwa (tayari kupiga) na ikiwa haijavutwa, maana mapazia ni mawili. Pazia la kitambaa lenye tundu litajionyesha mara moja. Kamera zisizo na kioo ndani, kama FED, Zorki na Leica za zamani, huungua pazia zikiachwa lenzi ikitazama jua, kwa hiyo kifuniko cha lenzi si pambo. Tundu moja dogo linazibika kwa tone jembamba la rangi nyeusi ya kitambaa. Yakiwa mengi, tafuta fundi au tafuta kamera nyingine. Kubadilisha mapazia si kazi ya meza ya jikoni.

Ukishamaliza, usiende nayo harusini moja kwa moja. Valisha mkanda ulioisha muda, funika lenzi, kisha iweke kamera juani ukiigeuza: mgongo, chini, upande wa bawaba, upande wa komeo. Piga fremu moja kila unapogeuza na uandike mpangilio. Ukisafisha, fremu hizo zote zinatakiwa kuwa wazi kabisa. Ikitokea moja ina weusi, unajua tayari ni upande gani, na wakati unapanga kurudia kazi, tepu nyeusi ya fundi umeme juu ya mshono huo itakuvusha.