Unasubiri toleo jipya la filamu ya zamani? Kagua deki yako kwanza

Mara ya kwanza niliiona Pather Panchali, filamu ya mwongozaji Mhindi Satyajit Ray, nusunusu. Nakala niliyonunua Kariakoo ilikuwa imefifia mno. Pale Apu na dada yake Durga wanapokimbia katikati ya manyasi marefu kwenda kuona treni, mashuke meupe na mbingu vilikuwa kitu kimoja, na tafsiri ya chini, nayo ya herufi nyeupe, ikamezwa humo humo. Hata hivyo filamu ilinishika, na tangu siku ile nikawa mtu wa kusubiri.

Wengi wananiuliza wanunue nakala iliyopo au wangoje iliyokarabatiwa. Ngojeni, ila mjue mnangoja nini. Swali la kwanza ni hili: toleo jipya limetokana na mkanda upi? Negativu, yaani mikanda ya asili iliyopigiwa picha, za filamu tatu za Ray kuhusu maisha ya Apu (Pather Panchali, Aparajito na Apur Sansar) ziliungua London mwaka 1993, maabara zilimokuwa iliposhika moto. Mabaki yake yakatunzwa Marekani takriban miaka 20. Kisha mafundi wa L'Immagine Ritrovata, maabara ya kukarabati filamu mjini Bologna, Italia, wakairudishia unyevu mikanda iliyokauka, wakabandua gundi na utepe ulioyeyuka, wakatengeneza upya matundu ya pembeni, tena kwa mkono. Kama asilimia 40 ya Pather Panchali ilipatikana kwenye negativu yenyewe, na zaidi ya asilimia 60 ya Aparajito. Ya Apur Sansar haikufaa kabisa, ikabidi watumie nakala nyingine. Nilipoyajua hayo, hasira yangu ya kucheleweshewa ilikwisha.

Muda wa kungoja hautabiriki. Hizo tatu zilirudi kwenye majumba ya sinema Mei 2015, na Novemba mwaka huo huo diski za Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu kama hizi, zikatoka. Lakini Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty ilikarabatiwa mwaka 2008, na diski yake ya Marekani ikaja Desemba 2013. Mimi kila katikati ya mwaka hupitia ratiba ya Il Cinema Ritrovato, tamasha la filamu za zamani zilizokarabatiwa, huko huko Bologna. Nikiiona filamu ninayoitaka, naanza kuweka akiba na sigusi tena nakala ya zamani.

Sasa kosa langu, msilirudie. Nilimwagiza shemeji aliyeko Marekani aniletee zile diski za Ray. Akaleta, nikaziweka, deki ikakataa. Blu-ray nyingi za Marekani zimefungwa kwa eneo A, yaani husomwa na deki za eneo hilo tu, na Afrika tuko eneo B pamoja na Ulaya. DVD zina mgawanyo mwingine kabisa: Marekani ni eneo 1, Ulaya 2, Tanzania na Kenya 5. Ligeuze kasha, au ikuze picha ya mgongo wa kasha kwenye simu, usome namba kabla ya kulipa. Tangu 2016 Criterion hutoa pia diski za Uingereza, nazo ni eneo B, ingawa si kila filamu imo. Na muuzaji akikuambia deki yake inasoma maeneo yote, mwulize ni kwa DVD tu au na Blu-ray, maana nyingi huishia kwenye DVD. Afadhali aijaribu mbele yako kwa diski yako mwenyewe.

Tafsiri kwenye diski hizo ni ya Kiingereza. Mama yangu hakisomi, kwa hiyo naitazama filamu peke yangu kwanza na daftari, kisha nakaa naye nikimsimulia. Tulipofika pale baba anaporudi kutoka safari na sari aliyomnunulia Durga, asijue binti hayupo tena, mke wake anaangua kilio na badala ya sauti yake tunasikia muziki wa Ravi Shankar. Nilikuwa nimefungua mdomo nitafsiri. Mama akanishika mkono: "Acha, mwanangu. Nimesikia."