Nipokee mchango wa majirani au niurudishe?

SWALI

Bibi, shikamoo. Nauza mahamri na viazi karai barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya kupanga. Wiki tatu zilizopita, Jumatatu baada ya sala ya alfajiri, nilibandika karai la mafuta juu ya gesi, nikatoka kumfungulia muuza maziwa. Niliporudi mafuta yanawaka. Mwanangu wa miaka 15 akakurupuka usingizini, akayamwagia ndoo ya maji. Moto ukaruka hadi darini. Vijana wa barazani walivunja mlango wa nyuma, wakauzima kwa mchanga wa jirani anayejenga. Jiko lote limeungua, pamoja na kabati lililokuwa na nguo na karatasi zetu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Majirani wamechanga shilingi 38,400. Mume wangu, afanyaye kazi bandarini, asema zirudishwe, sisi si ombaomba. Nguo zaja kila siku, nyingine hazitutoshi, nami naona haya kusema. Mtoto naye hasemi wala hali vizuri. Nifanye nini?

Mama wa Mahamri

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mshukuru Mungu kwa vijana wale na kwa mchanga ule.

Nitaanza na mtoto, maana fedha zaweza kungoja. Maji ni mazito kuliko mafuta. Ukiyamwaga kwenye mafuta yanayowaka huzama chini, yakageuka mvuke papo hapo, na mvuke ule huyarusha mafuta juu yakiwa yanawaka. Mwanao hakuyajua hayo. Alijua tulichomfundisha sote tangu mdogo, kwamba moto huzimwa kwa maji, na aliamka usingizini akakimbilia moto badala ya kukimbilia mlango. Mwambie hivyo mbele ya babake, na babake naye alitamke kwa kinywa chake. Kisha mfundisheni: zima gesi ikiwa mkono wafika, funika karai kwa sinia la bati au kifuniko kikubwa, usilisogeze, usilifunue mpaka lipoe kabisa. Nunua sinia hilo, na yeye mwenyewe apigilie msumari wa kulitundika karibu na mlango wa jiko. Nina hakika mkono wake ukishika nyundo kutengeneza nyumba, ulimi nao utafunguka.

Sasa mchango. Mwanangu, mimi pia niliunguliwa. Ilikuwa koroboi, chumba kimoja, watoto wangu wangali wadogo. Mwanamke wa nyumba ya pili alileta godoro. Nikamwambia tunalo. Hatukuwa nalo, watoto walikuwa wakilala mkekani. Baada ya miezi miwili alifiwa na mumewe, nami nikapika sufuria ya wali nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Mimi sijui kumrudisha mtu mlangoni." Hakulisema kwa ubaya, lakini lilinichoma kuliko moto wenyewe. Nilikuwa nimemrudisha yeye na godoro lake kichwani, mtaa mzima ukitazama.

Mumeo hana kosa kuwa na heshima yake. Mketishe, mkumbushe harusi alizochangia, hitima alizotolea, na jeneza alizobeba. Majirani zake nao wamo katika hesabu hiyo, na leo ni zamu yake kupokea. Mpe yeye daftari. Aandike jina la kila aliyetoa, pesa au unga au kazi ya mikono, na kila shilingi ilipokwenda. Mzee wa mtaa akipita, amwonyeshe. Mwanamume akishika hesabu hajihisi ombaomba.

Na hizo nguo, sema. Chagua jirani mmoja mwenye ulimi mzuri, umwambie: nguo zimetosha, Mungu awalipe, sasa twahitaji kabati, sufuria na fundi. Watu waleta nguo kwa sababu hawajaambiwa kingine.

Jambo linalonitia hofu ni dari. Umesema moto ulifika huko, na nyumba zetu za Mji wa Kale zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti yaweza kuonekana nyeusi juu juu tu, kumbe imeliwa hadi ndani. Fundi akwaruze masizi mpaka aone mti mzima, aigonge kwa nyundo asikilize. Iliyoliwa itolewe kabla ya mtu kugusa brashi. Lakini boriti ni za mwenye nyumba, si zako: usizitolee pesa za mchango kabla hamjakubaliana naye. Yeye naye, kabla ya kubadilisha chochote cha jengo, aulize ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa.

Umeme usiwashwe upande ule mpaka fundi wa stima akague nyaya. Ukuta ufagie masizi yakiwa makavu, kisha uoshe kwa maji ya sabuni ukianzia chini kwenda juu, la sivyo michirizi ya maji meusi itaacha alama. Ukikauka, paka chokaa. Usikubali rangi ya mafuta, ukuta wa matumbawe wataka kupumua. Unga, sukari na dawa zilizopigwa na moshi zitupe zote, hata mfuko ukiwa haujafunguliwa. Najua yauma, lakini wewe walisha watu.

Kuhusu karatasi, nenda polisi ukaripoti, upewe abstrakti, yaani hati ya polisi ya ripoti yako, kisha uende nayo Huduma Centre, kile kituo cha huduma za serikali, kuanza kuomba kitambulisho kipya. Fanya wiki hii.

Hukuniuliza kuhusu kazi yako, nami naona hilo ndilo linalokukosesha usingizi, kwa kuwa wateja wa mahamri hawangoji. Nina karai la chuma, kubwa, lililo chini ya meza yangu tangu magoti yaliponikataza kusimama jikoni. Kuanzia Alhamisi litakuwa ofisini kwa jarida hili, limefungwa kwa gunia. Mtume mwanao alichukue, na awaambie ni la Mama wa Mahamri.